Maswali ya Wasomaji: Nani Ashike Kalamu ya Kuchora Chati?

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zimetoka Njoro, Kibos na Mlima Elgon. Zote zinahusu jambo moja: jinsi chati, grafu na ramani za takwimu zinavyoweza kuwaingiza wasichana wa jamii ndogo katika sayansi ya kompyuta, na jinsi zinavyoweza kuwafukuza zisipotumiwa kwa uangalifu. Tumezifupisha barua bila kubadilisha maana yake.

SWALI

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kompyuta katika shule ya kutwa ya mseto karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru. Baadhi ya wasichana wetu ni Waogiek kutoka kando ya Msitu wa Mau, na hakuna hata mmoja wao aliyechagua somo langu. Muhula uliopita nilichora chati kubwa ya nguzo mbili, ya wavulana na ya wasichana wanaosoma Kompyuta, nikaibandika kwenye mlango wa maabara nikitumaini kwamba pengo hilo lingewachoma moyo wasichana, nao wangekuja. Hawakuja, na mmoja aliyekuwa akihudhuria chama cha kompyuta ameacha. Nimesoma kwamba taswira za data huwavutia wasichana wa jamii ndogo. Je, chati yangu ilikosa nini?
— Mwalimu, Njoro

JIBU

Mwalimu, chati yako ilisema kweli, lakini iliwaambia watu wasio na uwezo wa kuubadilisha ukweli huo. Kila chati hubeba habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni idadi, ambayo ndiyo uliyokusudia. Ya pili ni habari ya nani mwenyeji na nani mgeni mahali pale, na hiyo ndiyo waliyoisoma wasichana wako. Kuiweka nguzo ndefu ya wavulana kando ya nguzo fupi ya wasichana, tena mlangoni, ni kama kumwonyesha mgeni kwamba viti vyote vimekaliwa kisha kumwambia karibu uketi.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walifanya jaribio katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako wageni walikuwa wakiondoka na vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Tangazo lililolalamika kwamba wageni wengi waliotangulia walikuwa wakivichukua liliongeza wizi badala ya kuupunguza, kwa kuwa msomaji alichosikia ni kwamba hivyo ndivyo watu wafanyavyo. Karibu zaidi na maabara yako, mwaka 2009 Sapna Cheryan na watafiti wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba chumba kilichopambwa kwa mabango ya filamu za anga za juu na maboksi ya michezo ya video kiliwapunguzia wanawake hamu ya kusoma sayansi ya kompyuta, ilhali chumba chenye picha za mandhari na vitu vya kawaida hakikufanya hivyo. Ukuta wa maabara huanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Kwa hiyo ibandue chati hiyo mlangoni, lakini usiitupe. Ipeleke ofisini kwa mwalimu mkuu na mbele ya bodi ya shule, kwa sababu hao ndio wenye mamlaka juu ya ratiba, viti na funguo. Huko ichore upya ili ionyeshe safari nzima badala ya siku moja: ni wasichana wangapi waliogusa kompyuta katika mwaka wao wa kwanza, wangapi waliomba somo, wangapi walikataliwa kwa kukosa nafasi, wangapi waliacha na katika muhula upi. Pale mstari unapoporomoka ndipo pa kuuliza. Huenda ukakuta kwamba Kompyuta imewekwa katika kipindi kimoja na Sayansi ya Nyumbani, au kwamba maabara hufunguliwa jioni tu, saa ambayo msichana wa kutwa anayepanda kuelekea Nessuit au Mariashoni lazima awe njiani. Hayo yanarekebishwa kwa uamuzi wa kikao kimoja, wala hayahusiani na moyo wa msichana.

Nasisitiza safari badala ya siku moja kwa sababu nyingine pia. Nchini Marekani, katikati ya miaka ya 1980, wanawake walikuwa takriban asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Miaka 25 baadaye walikuwa wameshuka hadi karibu asilimia 18. Ukichora asilimia 18 peke yake, mtazamaji ataondoka akidhani kwamba wanawake hawakuumbwa kwa kazi hiyo. Ukichora mstari mzima, atalazimika kuuliza ni nini kilichotokea, na hapo ndipo watafiti walipoanza kuzungumzia kompyuta za nyumbani zilizotangazwa miaka ile kama vitu vya wavulana, hata vijana wa kiume wakafika chuoni wakiwa na mazoezi ambayo dada zao hawakupewa. Grafu ya muda mrefu huitafuta sababu. Chati ya siku moja humlaumu aliyepungukiwa.

Hata hivyo, wasichana wako hawataingia darasani kwa sababu bodi imeona grafu nzuri. Wataingia wakishika kalamu wao wenyewe, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote niliyokwisha kusema. Mwaka 1900, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mwanasosholojia Mmarekani Mweusi W. E. B. Du Bois, pamoja na wanafunzi na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Atlanta, walionyesha takriban chati 60 walizozichora kwa mkono, kwa wino na rangi kali, kuhusu maisha ya Wamarekani Weusi: ardhi waliyomiliki, kazi walizofanya, watoto waliokwenda shule. Walikuwa kizazi cha kwanza au cha pili baada ya utumwa, na takwimu juu yao zilikuwa zimezoea kuandikwa na watu waliowadharau. Nguvu ya chati zile ilitokana na kwamba waliochorwa ndio waliochora.

Waogiek nao wamehesabiwa mara nyingi na wengine. Sensa ya mwaka 2019 iliandika Waogiek 52,596 katika nchi ya watu 47,564,296, na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya mwaka 2017 kuhusu ardhi yao ya Mau ilijengwa juu ya ushahidi uliokusanywa kwa miaka mingi. Msichana wa jamii hiyo anajua tangu utotoni kwamba namba na ramani zinaweza kumhamisha mtu. Mpe nafasi ya kujua kwamba zinaweza pia kutoka mkononi mwake. Waulize wasichana wanataka kujua nini, na swali lao lisikataliwe kwa kuwa ni dogo. Wengine watataka kuandika miti inayochanua kila mwezi na asali inayopatikana nyumbani, wengine dakika wanazotembea hadi shuleni, wengine siku ambazo stima hupotea. Wakusanye data kwa daftari muda wa majuma kadhaa, kisha wachore kwenye karatasi ya grafu kabla ya kuketi mbele ya mashine.

Wakifika kwenye mashine, usianze na programu inayochora chati kwa kubofya kitufe. Waache waandike programu yao wenyewe, hata kwa kompyuta kuukuu isiyo na intaneti. Maagizo ni mafupi: chukua orodha ya majina ya vijiji na orodha ya dakika, kwa kila kijiji, andika jina lake, kisha rudia alama ya nyota mara nyingi kama zilivyo dakika zake, halafu shuka mstari. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, hiyo ni mistari michache tu, na kioo hujaa nguzo zilizolala za nyota. Hapo msichana amekwisha kutumia orodha, mzunguko wa kurudia na jina linalobeba thamani, kabla hajaambiwa kwamba hayo ni mambo magumu.

Kisha tatizo litajitokeza lenyewe, nawe usiharakishe kulitatua. Kijiji cha dakika 95 kitapita upana wa kioo, ambao kwa mashine nyingi za maandishi ni herufi 80, na nyota zilizozidi zitashuka mstari wa chini na kuharibu picha. Mtu atapendekeza nyota moja isimame badala ya dakika tano. Mwingine atauliza, na dakika saba ziwe nyota ngapi? Sasa mnazungumzia vipimo na ukadiriaji wa namba. Wa tatu ataona kwamba mwenzake aliyekuwa mgonjwa hakuandika chochote siku mbili na programu imemwekea sifuri, kana kwamba alifika shuleni bila kutembea hata hatua moja. Shikilia hapo kwa kipindi kizima ikibidi, kwa maana kutenganisha sifuri na kutojulikana ni jambo linalowasumbua hata wanaolipwa kwa kazi hii. Baadaye watataka kupanga vijiji kuanzia cha mbali hadi cha karibu, nao watakuwa wameuomba wenyewe ule mfano wa kupanga orodha ambao ukiwaletea ubaoni bila sababu huwasinzisha.

Siku ya wazazi, kila msichana aisimamie chati yake na kuieleza, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mama aliyekuwa akidhani kompyuta ni mambo ya mjini ataona swali la kijijini kwake likijibiwa nayo. Nguzo zote zianze kwenye sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kubwa. Wala usiwaruhusu, na wewe mwenyewe usijiruhusu, kuandika kwamba wasichana wameongezeka kwa asilimia 200 ikiwa walikuwa mmoja na sasa ni watatu. Andika watatu. Na ukitaka kujua kama mpango unafaa, usihesabu waliokuja siku ya kwanza kwa udadisi. Tazama waliochagua somo, kisha waliobaki baada ya mihula miwili.

SWALI

Mimi ni mama wa watoto watatu, Mnubi wa Kibos hapa Kisumu. Kijana wa shirika fulani amepita nyumba kwa nyumba na simu yake, akitaka majina ya wasichana wetu, umri, shule, kabila, alama za mtihani na picha, ili watengeneze ramani ya kwenye intaneti itakayowaonyesha wafadhili jinsi wasichana wa Kinubi walivyo wachache katika masomo ya kompyuta. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na anayapenda sana masomo hayo. Sitaki kumzibia bahati. Nikubali?
— Mama, Kibos

JIBU

Mama, usikubali kwa masharti hayo. Jamii yenu imepigania kutambuliwa hadi mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambayo mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Kwa hiyo wewe kuuliza nani anayaandika majina na kwa nini ni haki yako kamili, na kijana yule anapaswa kukujibu kwa heshima.

Sheria iko upande wako. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia data za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na bila kulinda maslahi ya mtoto huyo. Sheria hiyo hiyo inaiweka asili ya kabila miongoni mwa habari nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Mwombe kijana akupe kwa maandishi jina la shirika, sababu ya kukusanya kila kitu anachotaka, mahali data zitakapowekwa na muda zitakaokaa, na njia ya kuziondoa ukibadilisha nia. Akishindwa, mazungumzo yameishia hapo. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Lipo jambo jingine ambalo huenda hata kijana mwenyewe hakulifikiria. Watu wakiwa wachache, kuficha jina hakutoshi. Ramani ikionyesha kwamba Kibos ina wasichana wawili wa Kinubi wa Gredi ya 9 wenye alama fulani katika Hisabati, Kibos nzima itajua ni mabinti wa nani. Ndiyo maana watakwimu waangalifu huyaunganisha makundi madogo au huacha kuchapisha hesabu zake.

Lengo lao lakini ni jema, na linaweza kufikiwa bila kumwanika mtoto yeyote. Wapendekezee wachore ramani ya shule badala ya ramani ya wasichana: shule zipi za kuanzia Kibos hadi Kondele zina maabara inayofanya kazi, zipi zina stima ya kutegemewa, zipi zina mwalimu wa somo, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Ramani ya namna hiyo humwonyesha mfadhili mahali pa kupeleka fedha na mlango uliofungwa, wala haimwonyeshi msichana kama upungufu. Ikiwezekana, waombe mabinti wa Kibos wenyewe wawe wakusanyaji na wachoraji, wafundishwe kazi hiyo na walipwe nauli yao. Shirika likikubali hivyo, mpe binti yako ruhusa kwa moyo mkunjufu.

Kuhusu Gredi ya 9: atachagua mojawapo ya mikondo mitatu ya shule ya upili ya juu, na masomo ya kompyuta yako katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Si kila shule hutoa kila somo, kwa hiyo aulizie kwanza kama shule anayoiandika ina somo lenyewe, tena lenye mwalimu.

SWALI

Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu huku Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma. Katika darasa letu la Kompyuta mimi ndiye msichana wa pekee. Nyumbani hatuna kompyuta, na Hisabati napata C. Je, wapo wasichana wa huku kwetu magharibi waliofaulu katika kazi hizi? Nami nifanye nini sasa?
— Mwanafunzi, Kapsokwony

JIBU

Wapo, mwanangu. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kumwezesha msichana anayekabiliwa na ukeketaji kuomba msaada, na aliyekwisha kukeketwa kupata matibabu. Walifika fainali za Technovation, mashindano ya wasichana wanaotengeneza programu, huko California wakiwa timu ya pekee kutoka Afrika. Mwaka 2019 kundi lao, The Restorers, lilikuwa miongoni mwa walioteuliwa kufika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, ambayo Bunge la Ulaya huwapa watetezi wa haki za binadamu. Walikuwa na umri kama wako walipoanza, na walianza na jambo lililowaumiza wao.

Kuhusu ramani na takwimu hasa, jifunze habari za Ushahidi, mradi uliozaliwa hapa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Wananchi walituma taarifa za yaliyotokea kwao, nazo zikaonekana kwenye ramani mahali palipotokea. Juliana Rotich ni mmoja wa waasisi wake, na baadaye Angela Oduor Lungati akawa mkurugenzi mtendaji. Wote wawili ni wanawake Wakenya, na zana hiyo imetumika katika nchi nyingi.

Kukosa kompyuta nyumbani hakukuzuii kuanza. Kila siku ya soko, andika bei ya gorogoro ya mahindi na ya maharagwe, ukiongeza ya omena ikifika huko. Uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na itakupendeza kuona kama grafu yako ya mlimani inahisi kufungwa kwa ziwa lililo mbali nawe. Chora kwa penseli. Ukipata saa ya maabara, uwe na jedwali lako tayari ili saa hiyo uitumie kuingiza namba, kutafuta wastani na kuijaribu ile programu ya nyota niliyomweleza mwalimu wa Njoro. Ukitaka data kubwa zaidi, matokeo ya sensa ya mwaka 2019 kwa kila kaunti yametolewa bure na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya.

Alama ya C katika Hisabati si ukuta. Mada za takwimu, yaani wastani, marudio na histogramu, zimo katika silabasi yako na ndizo utakazokuwa ukizifanya kila siku ya soko, kwa hiyo kazi hii itakuongezea alama. Shahada za sayansi ya kompyuta zina masharti yake ya Hisabati, na hutofautiana. Yasome mapema kwa KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kozi moja baada ya nyingine, usitegemee ya kuambiwa. Ipo pia njia ya stashahada ya teknolojia ya habari katika vyuo kama Kisumu National Polytechnic au Sigalagala kule Kakamega, na kutoka huko wengi huendelea hadi shahada.

Kuhusu upweke wako darasani, usisubiri shule ikutafutie wenzako. Kazi ya bei za soko inahitaji watu wawili, mmoja wa kuuliza na kuandika, mwingine wa kukagua na kuchora. Mwombe rafiki yako mmoja, hata kama hasomi Kompyuta, awe wa pili, kisha mwombeni mwalimu saa moja ya maabara kila juma kwa jina lenu nyote wawili.